Dubu Mla Asali: Historia ya Jina Moja la Waslavi

Wanachama wenzangu wanaofuatilia kandanda wanamkumbuka Pavel Nedvěd, kiungo wa Juventus na timu ya taifa ya Cheki, yule mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, aliyetwaa Ballon d'Or mwaka 2003. Wanaofuatilia siasa wanamkumbuka Dmitri Medvedev, rais wa Urusi kuanzia 2008 hadi 2012. Wa tenisi nao wana Medvedev wao, Daniil, bingwa wa US Open mwaka 2021. Siku moja chai ikiwa mezani niliwaambia wenzangu chumbani kwetu kwamba watu hawa watatu wana jina moja. Walinicheka. Lakini ndivyo ilivyo: Nedvěd ni "Dubu", na Medvedev ni "wa Dubu". Makala hii ni deni langu kwa wale walionicheka.

Kuna na deni la pili, zito zaidi. Muhula uliopita, katika semina moja, mwenzetu wa darasa alisema kwamba lugha ambayo haikuandikwa haina historia, ina hekaya tu. Alikuwa akizungumzia lugha za Kiafrika, na alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kwamba maji ni baridi. Sikuwa na jibu la haraka. Nilipofika maktaba nikakumbuka kwamba Waslavi nao, ambao leo wana Tolstoy na Chekhov, hawakuwa na maandishi ya lugha yao mpaka katikati ya karne ya 9. Mwaka 863 hivi ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Kostantino (aliyekuja kuitwa Kirilo) na Methodio, walitumwa Moravia, na kwa kazi hiyo wakabuniwa Waslavi herufi zao za kwanza, zile zinazoitwa Kiglagoliti. Kabla ya hapo ni kimya. Wanahistoria wa Bizanti katika karne ya 6, kama Prokopio, wanawataja Waslavi wakivuka mto Danube, lakini lugha yenyewe hawakuiandika. Hata hivyo, hakuna mwalimu yeyote wa Ulaya atakayekwambia kwamba Kislavi cha karne ya 6 hakina historia. Watakuandikia maneno yake ubaoni, mamia kwa mamia, kila neno na kinyota chake mbele.

Kinyota hicho ndicho cha kueleweka kwanza. Kuandika *medvědь kwa kinyota ni kusema: neno hili hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa, tumelifikia kwa hesabu. Mazoea hayo yanahusishwa zaidi na Mjerumani August Schleicher, katika kitabu chake kikubwa kilichoanza kutoka mwaka 1861. Carl Meinhof naye alipochapa kazi yake ya fonolojia ya lugha za Kibantu mwaka 1899 alifuata njia hiyo hiyo ya kulinganisha. Kwa hiyo *medvědь ya Waslavi na *muntu ya Wabantu ni ndugu kwa malezi, ingawa si ndugu kwa damu. Anayekubali moja hana sababu ya kuikataa nyingine.

Hesabu yenyewe inaanza na lugha zilizo hai. Mrusi anamwita dubu medved', Mslovenia medved, Mkroatia medvjed, Mslovaki medveď, Mcheki medvěd. Mpolandi anasema niedźwiedź, na Kicheki cha zamani na cha mikoani kilikuwa na nedvěd pia, ndiyo ikabaki katika majina ya ukoo. Mwukraine amelipindua: vedmid'. Ukiyapanga maneno haya safu moja unaona kwamba kila sauti inajibiwa na mwenzake. Palipo na m, wengi wana m. Wenye n ni wachache, na sababu inaonekana: m na v zote ni sauti za midomo, zimekaribiana mno, na ulimi wa mtu hupenda kuzitenganisha. Isitoshe, Kipolandi cha kale kina maandishi yenye miedźwiedź, kwa m. Kwa hiyo m ndiyo ya asili na n imekuja baadaye. Irabu ya kwanza ni e fupi. Irabu ya pili haikuwa sawa na ya kwanza, maana Mkroatia anaitamka "je" na ya kwanza haitamki hivyo. Hiyo ndiyo ě, ambayo zamani ilikuwa e ndefu. Mwishoni kulikuwa na irabu fupi sana ya jamii ya i, inayoandikwa ь. Irabu hiyo imekwisha kufa kila mahali, lakini imeacha alama: d ya mwisho ya Kirusi ni laini, kama inayosubiri i isiyokuja. Hivyo ndivyo *medvědь inavyopatikana. Hakuna uchawi.

Sasa tulipasue. Ndani yake mna asali na mna kula.

Asali kwa Kislavi Mame ni *medъ, na neno hilo ni la kale kuliko Waslavi wenyewe. Kisanskriti kina madhu, Kilithuania kina medus, na Kigiriki cha kale kina methu, ambayo kwao ni divai. Ukitazama utaona zote zinaishia kwa u. Shina la kale lilikuwa *medu-. Kitenzi cha kula nacho kilikuwa na mzizi *ēd-, ndugu wa edo ya Kilatini na eat ya Kiingereza. E yake katika Kislavi ni ndefu, na mpaka miaka ya 1970 urefu huo uliwasumbua watu, hadi Werner Winter alipoonyesha kwamba katika tawi la Kibalti na Kislavi irabu fupi hurefuka mbele ya aina fulani ya konsonanti za ghuna, d hii ikiwemo.

Unganisha basi: *medu- na *ēd-. U inakutana na e. Hapa msemaji wa Kiswahili hahitaji mwalimu. Sisi tukiunganisha mu- na -ana hatusemi "muana", tunasema mwana. Ku- na -enda ni kwenda. Mu- na -alimu ni mwalimu. U ikikuta irabu nyingine mbele yake huyeyuka ikawa w. Mababu wa Waslavi walifanya hilo hilo: medu-ēd- ikawa medwēd-, na baadaye w yao ikakazwa ikawa v. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani, maana wanafunzi wenzangu wa Kiingereza walikuwa wakikariri kanuni hiyo kwa shida kama watu wanaokariri nambari za simu, nami nilikuwa nikiitumia tangu utotoni bila kuijua.

Mpangilio wa maneno ndiyo tofauti. Sisi tunatanguliza kitenzi: mla nyama, mla watu, mla asali. Wao walitanguliza kinacholiwa: asali-mla. Lakini kazi ni ile ile. Dubu ni "mla asali".

V hiyo moja ndiyo iliyobeba mzigo wote wa makala yangu, kwa hiyo nivumilieni nikae nayo kidogo.

Neno la asali lilipokuwa peke yake lilipata ajali. U ya mwisho ilifupika ikawa ъ, kisha ъ ikafa kati ya karne ya 10 na ya 12, tofauti kwa kila nchi. Leo Mrusi anasema mëd, Mpolandi miód. U haipo. Anayezaliwa Moscow leo hana njia ya kujua kwamba asali iliwahi kuishia kwa u. Lakini ndani ya jina la dubu u ile ilikuwa imekwisha geuka konsonanti, na konsonanti haikufa. Ikabaki pale, kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa. Na si jina la dubu tu. Kirusi kina kivumishi medvjanyj, "enye asali", kinachotumika kwa umande mtamu na harufu ya maua. V ile ile. Hapo hakuna dubu wala kula. Kuna asali na v yake. Basi v ni ya asali.

Nasema hivi kwa kusisitiza kwa sababu wenyewe Waslavi wengi watakueleza jambo jingine. Watakwambia dubu ni med-ved: med ni asali, na ved ni kujua, maana Kirusi kina vedat', Kicheki kina vědět, Kipolandi wiedzieć, zote "kujua". Dubu ni "ajuaye asali ilipo". Maelezo mazuri, yenye utamu kuliko ya kweli. Na ni ya zamani; pengine ndiyo yaliyosaidia Waukraine kulipindua neno likawa vedmid', kwa kuwa ukishaamini kwamba lina vipande viwili, ved na med, unaweza kuvipanga upendavyo.

Tusiwacheke. Sisi tuliona mudguard ya Waingereza tukasikia madigadi, na kwa kuwa ma- ni ya wingi, tukapata digadi moja. Tuliona keep left barabarani tukapata kipilefti na vipilefti. Msemaji hukata neno pale ambapo sarufi ya siku yake inamwambia akate, si pale babu yake alipounga. Waslavi walipopoteza u ya asali walikata upya: badala ya medv-ed wakapata med-ved. Kosa, ndiyo, lakini ni kosa lenye tarehe. Lisingewezekana kabla ya u kufifia. Kwa mwanahistoria kosa la namna hiyo ni mali kama sarafu iliyochimbuliwa.

Kuhusu sarufi ya neno zima, wataalamu wengi huliweka *medvědь katika kundi la nomino za kiume zenye shina la i, pamoja na *gostь, "mgeni", na *pǫtь, "njia". Nomino za Kislavi hazina viambishi awali kama vyetu. Zinabadilika mkiani kufuatana na kazi yake katika sentensi. Dubu anayetenda ni medvědь. Wa dubu, medvědi. Kwa kutumia dubu, medvědьmь. Dubu wengi ni medvědьje. Na dubu wawili hawakuwa wingi: walikuwa na umbo lao wenyewe, uwili, medvědi, kama Kiarabu kinavyofanya mpaka leo. Wenzetu mliosoma Kiarabu Muscat au Zanzibar mnajua raha na taabu ya uwili. Katika Kislavi karibu wote wameutupa, ila Waslovenia na Wasorbi wa Ujerumani mashariki wameushikilia.

Palikuwa na tatizo moja katika kundi hili, na ndilo linalonifurahisha zaidi. Zamani za kale mtenda aliishia kwa -is na mtendwa kwa -im. Konsonanti za mwisho zilipokufa, vyote viwili vikawa -ь. Mtenda ni medvědь na mtendwa ni medvědь. Mgeni naye ni gostь huku na gostь kule. Mpangilio wa maneno katika sentensi ulikuwa huru. Sasa mtu akija mbio kutoka msituni akasema maneno matatu, mgeni, aliua, dubu, huwezi kujua umwandalie mgeni chakula au umchimbie kaburi.

Waslavi walitibu ugonjwa huu kwa kuazima umbo la umilikishi na kulitumia kwa mtendwa, lakini si kwa kila nomino: kwa vyenye uhai tu. Walianza na watu, na baadaye sana, kwa hatua, wakawaingiza wanyama. Mrusi wa leo akisema "ninaona mti" mti haubadiliki; akisema "ninaona dubu" dubu hubadilika. Je, haitukumbushi kitu? Sisi husema nimeona mti bila kipatanishi chochote, lakini ni nimemwona dubu. Na kiboko, pamoja na ki- yake, hatusemi "kiboko kimekuja", tunasema amekuja. Uhai unapita juu ya umbo la neno. Lugha mbili zisizojuana, kila moja imejenga ukuta kati ya chenye roho na kisicho na roho, kwa matofali yake yenyewe. Dubu akahamishwa pia: kundi lake la i lilizidi kudhoofika, akaenda kwa nomino nyingi zaidi za kiume. Katika Kirusi amebaki put', "njia", peke yake katika kundi la kiume la zamani, kama mzee aliyekataa kuhama kijiji.

Linabaki swali ambalo wanaisimu hupenda kulijibu haraka kuliko inavyofaa. Kwa nini dubu aitwe kwa ulaji wake? Hakuwa na jina?

Alikuwa nalo. Wagiriki walisema arktos, Walatini ursus, Kisanskriti kina ṛkṣa, Kihiti ḫartagga-, Wawelshi wana arth. Zote ni neno moja la kale sana. Kutoka arktos ndiyo tuna Aktiki, nchi za kaskazini chini ya kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa. (Waarabu nao wanaliita hivyo, ad-dubb al-akbar, nyota yake moja angavu mpaka leo inaitwa Dubhe katika ramani za anga za Wazungu, na ndilo hilo neno dubb tuliloliazima sisi tukapata dubu, mnyama ambaye pwani yetu haikuwahi kumfuga wala kumkimbia.) Lakini kaskazini mwa Ulaya jina hilo limetoweka. Waslavi wana mla asali. Walithuania wana lokys, neno jingine kabisa. Wajerumani wana Bär, ambayo kwa maelezo ya miaka mingi ni "wa kahawia", ingawa wapo wanaoielekeza kwenye neno la kale la "mnyama wa mwituni".

Mwaka 1906 Mfaransa Antoine Meillet alitoa maelezo ambayo yamerudiwa tangu hapo: mwiko. Wawindaji wa misitu ya kaskazini waliogopa kumtaja dubu kwa jina asije akasikia, wakamwita kwa tafsida, na tafsida ikala jina. Mimi ni mtu wa kulipokea hilo kwa moyo mkunjufu. Bibi yangu hakuruhusu nyoka atajwe usiku. Ilikuwa lazima tuseme "kamba", na ole wako ukose. Wafini, majirani wa Waslavi wasio wa jamii moja ya lugha, wana mesikämmen, "kiganja cha asali", kwa dubu huyo huyo. Ushahidi wa mazingira upo.

Lakini tuweke mpaka. Umbo la *medvědь na maana yake ya "mla asali" vimethibitishwa kwa sauti, hatua kwa hatua. Mwiko umekisiwa. Hakuna msitu wa karne ya kwanza uliotuachia barua ikieleza hofu yake. Maneno hufa kwa sababu nyingine pia, na hakuna anayesema Mwingereza aliacha kumwita mbwa hound akaanza dog kwa kumwogopa mbwa. Tena Rigveda, katika Kisanskriti, ina neno madhvad-, lililoungwa kwa vipande vile vile viwili, asali na kula, hata u imeyeyuka vile vile. Pale wanaoitwa hivyo ni ndege wanaokaa juu ya mti. Huenda basi "mla asali" lilikuwa sifa tu, ambayo yeyote mwenye meno au mdomo mtamu angepewa, na Waslavi wakambandika dubu. Ukiniuliza, naona mwiko una uwezekano mkubwa. Lakini siwezi kuuweka katika kapu moja na ile v.

Kinachoutia mwiko nguvu kidogo ni kwamba tafsida yenyewe ilichakaa. Medved' lilipokwisha kuwa jina kamili, Warusi walianza kulikwepa hilo nalo. Dubu akawa kosolapyj, "mwenye miguu iliyopinda ndani". Akawa khozjain, "mwenye nyumba", maana msitu ni wake. Akapewa jina la kibinadamu, Mikhail, kwa kubembeleza Misha. Misha ndiye aliyekuwa nembo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na Watanzania tuna sababu ya kumkumbuka: mbele ya dubu huyo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walitwaa fedha mbili, za kwanza katika historia ya nchi. Bayi aliruka viunzi na maji mita 3,000, Nyambui alikimbia 5,000. Ni watu wangapi uwanjani waliojua kwamba kikaragosi kile kilikuwa tafsida ya tafsida?

Mwenzangu wa semina alisoma rasimu ya makala hii. Aliniuliza kama Waslavi wenyewe wangeunga upya "mla asali" leo, wangepata neno gani. Swali zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu jibu lipo. Warusi walipohitaji jina la yule mnyama wa nyumbani kwetu mwenye mgongo mweupe, anayevunja mizinga na asiyeogopa nyuki wala simba, hawakuwa na neno. Wakachukua asali, wakachukua kula, wakaunga kwa o, kama sarufi yao ya sasa inavyotaka. Wakapata medoed. Ndiye nyegere. Jina lake lina vipande vile vile vya dubu, kwa mpangilio ule ule, ila v haimo.